Wazee, Nahodha na Pingu za Miguu

Kuna neno moja gumu la Kiingereza ambalo watu wa Embu na Meru wamelizoea kuliko Wakenya wengi. Februari 2014 Seneti ilikubali kuondolewa kwa Martin Wambora, gavana wa Embu, wa kwanza nchini kufikwa na mkasa huo tangu serikali za kaunti zianze kazi mwaka 2013. Redio zikatangaza "impeachment" asubuhi, mchana na usiku. Haikuchukua siku mbili neno likashuka stendi ya matatu, likaingia kwa kinyozi, likafika kwenye foleni ya kupeleka kahawa kiwandani, na huko likapewa viambishi vyetu: ameimpichiwa. Wambora alikwenda mahakamani, kesi zikapanda na kushuka, hatimaye akabaki kitini, na mwaka 2017 wapiga kura wakamchagua tena.

Miaka 10 baadaye ikawa zamu ya Meru. Bunge la kaunti hiyo lilipiga kura ya kumwondoa Gavana Kawira Mwangaza mara 3: Desemba 2022, Oktoba 2023 na Agosti 2024. Mara mbili za kwanza Seneti ilimnusuru. Ya tatu ilikubali, na Machi 2025 Mahakama Kuu ikaidhinisha. Sina haja ya kurudia nani alikuwa na haki, maana wasomaji wangu wa Meru wangegawanyika kabla ya kumaliza aya hii. Ninachotaka ni lile neno lenyewe.

Siku hizo gazeti la Kiingereza lingeweza kubeba habari nzima kwa maneno 3: "Senate impeaches governor". Tuyapasue kama mtu anavyopasua kuni, kwa kufuata nyuzi zake. "Senate" ni senatus ya Warumi, baraza la wazee, kutokana na senex, yaani mzee. "Governor" ni gubernator, mshika usukani wa chombo, neno ambalo Warumi nao waliliokota kwa Wagiriki. Na "impeach", lililopitia Ufaransa likachubuka njiani, chanzo chake ni pedica, pingu au tanzi la kunasa miguu, ambalo ni mtoto wa pes, mguu. Kwa hiyo habari ni hii: wazee wamemtia nahodha pingu za miguu.

Mtu wa Meru hahitaji kuchorewa picha hapo. Anayo Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Ameru lenye nyumba yake Nchiru, Tigania. Mwambie kwamba seneti ilikuwa njuri ya Warumi, naye ameshika senex kwa mkono mmoja. Akishaishika, "senior" haimsumbui tena, wala "senile", uzee uliovuka mpaka ukaingia kwenye kusahausahau. Hata lile "sir" analomwitia mwalimu wake mara 40 kwa siku limetoka humo humo.

Na akipanda Mlima Kenya atamkuta senex mwingine amesimama kwenye baridi. Huko juu, msitu ulikokwisha na mianzi imebaki nyuma, kuna ile mimea ya ajabu yenye shina nene na kichwa kama kabichi kubwa. Wanasayansi waliiita Senecio keniodendron, ingawa siku hizi wameirefushia jina la kwanza ikawa Dendrosenecio. Senecio ni senex. Mimea ya ukoo huo ilipewa jina hilo tangu zama za Warumi kwa sababu ya nywele zake nyeupe zinazobaki baada ya maua kukauka, kama kichwa cha babu. Anayepita njia ya Sirimon akaiona imejipanga katika ukungu ataelewa mara moja kwa nini iliitwa wazee.

Nasimulia haya kwa majuto kidogo. Niliwahi kufundisha Kiingereza kwa mkataba katika shule ya bweni upande wa Runyenjes, nikiwa nimetoka chuoni na suruali mbili tu za kuvaa darasani. Darasa langu lilikuwa na Waembu, Wambeere, Wachuka na wachache kutoka Imenti. Mbinu yangu ya msamiati ilikuwa moja. Kila Ijumaa niliandika maneno 20 ubaoni pamoja na maana zake, wanafunzi wakayanakili, na Ijumaa iliyofuata nikayauliza. Waliyameza kama dawa ya minyoo na kuyatoa kwa njia ile ile. Baada ya muhula mmoja nilichukua maneno 5 ya wiki ya kwanza nikayachanganya katika zoezi jipya. Nilisahihisha madaftari yale nikiwa peke yangu, nikashukuru kwamba mwalimu mkuu hakuwepo.

Karatasi ya pili ya Kiingereza katika KCSE humpa mtahiniwa kifungu cha ufahamu, kisha humtaka aeleze maana ya maneno kama yalivyotumika humo. Mtahini hakuahidi mtu kwamba neno litatoka katika orodha ya Ijumaa. Anayetegemea orodha akikutana na neno asilolijua husimama kama mtu aliyefika mtoni akakuta daraja limechukuliwa na maji. Anayejua mizizi anaweza kutafuta mawe ya kukanyagia.

Mizizi yenyewe imejaa. Mwaka 1973 Thomas Finkenstaedt na Dieter Wolff walichapisha hesabu ya maneno kama 80,000 ya kamusi moja ya Oxford. Waligundua kwamba katika kila maneno 100, zaidi kidogo ya 28 yaliingia Kiingereza moja kwa moja kutoka Kilatini, na mengine 28 na ushei yaliletwa na Kifaransa, ambacho ni Kilatini kilichokua kikabadilika sura. Ndio kusema zaidi ya nusu ya kamusi ina damu ya Roma.

Sharti niseme pia mahali ambapo damu hiyo haimo. Kiingereza cha jikoni na shambani, "water", "fire", "bread", "cow", ni cha makabila ya Kijerumani ya kale. Wanormani walipoivamia Uingereza mwaka 1066, walioshindwa walibaki na maneno ya shamba, na walioshinda wakaja na maneno ya mahakama, kodi na ibada. Msomaji wa Kiswahili anaujua mgawanyo huu hata kama hajawahi kuufikiria. Maji, moto na nyama ni vya Kibantu. Sheria, hakimu, hukumu na mahakama vilishuka na Kiarabu. Ndiyo maana mtoto wetu huongea Kiingereza cha uwanjani bila taabu, akifungua kitabu cha biolojia au tahariri ya gazeti akahisi amebadilishiwa lugha. Kwa kweli amebadilishiwa.

Niliupata mlango siku niliyoita rejista.

Nilikuwa nasoma majina kwa sauti ya kuchoka, Benedict, Felix, Immaculate, Lucy, Vincent, nikasimama katikati. Orodha ile ilikuwa kamusi ya Kilatini iliyopangwa kwa alfabeti, nami nilikuwa nikiifungua kila asubuhi kuangalia tu nani hayupo. Benedict ni bene, vizuri, na dict, kusema: aliyesemewa mema, aliyebarikiwa. Ukimshika Benedict kwa kiungo cha pili unapata "dictate", "dictionary", "predict" ambayo ni kusema kabla, "contradict" ambayo ni kusema kinyume, na "verdict", jambo lililosemwa kwa kweli. Ukimshika kwa kiungo cha kwanza unapata "benefit" na "benevolent". Lucy ametoka katika lux, nuru, na dada zake ni "lucid" na "translucent". Vincent anashinda, vincere, kwa hiyo anaye "invincible" asiyeshindika, na "convince", kumshinda mtu kwa hoja. Felix ni mwenye furaha au bahati. Immaculate hana doa, na macula, doa, bado imo katika vitabu vya matibabu ya macho.

Mikono ikaanza kuinuka. Kila mmoja alitaka jina lake lipasuliwe. Watoto ambao juma lililopita walikuwa wakipiga miayo sasa walikuwa wanagombania zamu, na wenye majina ya Kiebrania na Kiingereza cha juzi wakaanza kulalamika kwamba wazazi wao waliwanyima kitu.

Kisha mvulana mmoja wa Imenti akauliza, je, na jina lake la pili? Alikuwa Mugambi.

Hapo ndipo nilipojifunza mimi. Kwa Kimeru kugamba ni kusema, na mugambi ni msemaji, yule ambaye neno lake ndilo linaloamua. Agambi walikuwa wasemaji na waamuzi wa watu. Sasa chukua neno "judge". Limepitia Kifaransa likakunjwa, lakini kwa Kilatini lilikuwa iudex: ius, haki au sheria, na lile lile dic la Benedict. Jaji ni asemaye haki. Mrumi kando ya mto Tiber na Mmeru kwenye miteremko ya Mlima Kenya hawakuwahi kuonana, lakini kila mmoja alipotaka kumpa jina anayeamua kesi za watu alichukua kitenzi cha kusema.

Majina ya huku kwetu ni ya kupasuliwa tangu zamani. Kurima ni kulima. Humo wamo Murimi, Kirimi na Karimi, mzizi mmoja katika kanzu tatu. Gukena ni kufurahi, na Makena ndiye anayefurahi. Kutethia ni kusaidia, Mutethia ni msaidizi. Kuthoma ni kusoma, Muthomi ni msomaji, jina zuri la kumpa mtoto na la kuogofya kulibeba ukipata D. Murithi, ambaye yumo Embu na Meru pia, ni mchunga mifugo. Kilatini kilimwita pastor, mlishaji, na kutokana naye Kiingereza kina "pasture", malisho, na "pastor" wa kanisani. Kiswahili nacho kilimpeleka mchungaji madhabahuni kwa njia ile ile. Muriuki ni aliyefufuka, aliyerudi. Waitaliano humwita Renato, kutoka re, tena, na natus, aliyezaliwa. Nyuma ya Muriuki wanafuatana "native", "nation", "nature" na "antenatal", neno ambalo kila mama aliyehudhuria kliniki ameliona ukutani.

Kwa hiyo mtoto huyu tunayemfundisha mizizi kama jambo geni aliingia shuleni nayo mkononi. Anajua bila kufundishwa kwamba mu- ni mtu na ki- ni kitu au ukubwa, kwamba mzizi husimama katikati na maana hubadilika kwenye ncha. Mwalimu wa Kiswahili humfanyia hivyo hivyo kila wiki: pima, mpimaji, kipimo, pimia, pimisha, pimwa. Kengele ikilia, wa Kiingereza anaingia na kumwambia kwamba "inscribe", "describe", "prescribe" na "manuscript" ni maneno 4 tofauti ya kukariri. Yule yule aliyetoka kunyambua kitenzi dakika 5 zilizopita anaambiwa aweke panga chini na kubeba gogo zima.

Hata Kiarabu kilikwisha kumfunza. Kitabu, katibu, katiba, maktaba na mkataba ni watoto wa mzizi mmoja wa kuandika. Ukimweleza hivyo, scribere ya Warumi haimtishi, kwani ni kazi ile ile katika duka la jirani.

Na kuna Kilatini kilichotufikia kwa jahazi, muda mrefu kabla ya shule. Kandili ni candela, iliyopitia kwa Wagiriki na Waarabu hadi pwani yetu. Mwingereza aliipata kwa njia nyingine akaiita "candle". Mzizi wake ni kung'aa, kuwa mweupe, na humo ndimo alimotoka "candidate", maana mwomba kura wa Roma alitembea na joho lililopakwa chokaa liwe jeupe. Kasri ni ndugu wa "castle". Sirati, ile njia iliyonyooka, ni strata, barabara iliyotandazwa mawe, na Mwingereza anayo akiitembea kila siku kama "street". Sijili, iliyotupa kusajili, ni sigillum, muhuri, na Kiingereza cha leo ni "seal". Mreno naye alishusha mvinyo, wa vinum. Msomaji wa Lamu au Mombasa anayedhani makala hii ni ya watu wa milimani aangalie chakula kilipowekwa: meza ni mensa.

Milimani Kilatini kilifika na wamishenari wa Consolata, shirika lililoanzishwa Torino mwaka 1901 na Giuseppe Allamano, ambaye alitangazwa mtakatifu Oktoba 2024. Waliingia Kenya mwaka 1902 na kufika Meru mwaka 1911. Jina la shirika lenyewe ni somo, kwa kuwa consolari ni kufariji, na "console" na "consolation" zimo humo. Wagonjwa wamekuwa wakilisoma langoni, katika hospitali ya Nkubu upande wa Meru na ya Kyeni upande wa Embu, bila kujua kwamba limesema limekuja kuwafariji. Na "hospital" inatokana na hospes, neno lililotumika kwa mgeni na kwa mwenyeji wake pia, ndiyo maana "hotel", "hostel" na "hospitality" ni nyumba moja.

Misa wakati huo ilikuwa kwa Kilatini. Wavulana waliotumikia altareni walijibu kwa ufasaha maneno wasiyoyaelewa, wakiyashika kwa sikio kama wimbo. Nilipokuwa mdogo tulikuwa na jirani, mzee wa kahawa na ng'ombe wawili, aliyeweza kuyatoa yote kuanzia mwanzo hadi mwisho wakati wa kukamua. Nilipokuja kumwuliza miaka mingi baadaye kama aliwahi kuelezwa maana ya oremus, alitikisa kichwa. Ilitosha padri kujua. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliokaa kati ya 1962 na 1965, altare ikageukia lugha za watu, na kwa haki kabisa. Kilatini kikarudi nyuma ya ukuta wa seminari. Nafikiri tulipoteza kitu kidogo hapo ambacho hakuna aliyekusudia kukitupa. Kizazi kile kilikuwa na sauti bila maana, na sisi tulipopata shule za kutosha za kufundisha maana, sauti ilikuwa imeshaondoka.

Mmoja wa Waconsolata hao nilimtumia darasani mara nyingi kuliko kamusi. Bruda Giuseppe Argese alitumia miongo kadhaa kuyakusanya maji ya msitu wa Nyambene, pale Mukululu, na kuyashusha kwa mabomba hadi kwa watu wa Igembe na Tigania, nchi ambako mama aliamka usiku kutafuta mtungi mmoja. Mradi wa Tuuru, kama unavyojulikana, unaweza kuitwa kwa neno la Kirumi bila kukosea: "aqueduct", aqua maji, ducere kuongoza. Humo utapata "conduct", "reduce" na "introduce", kumwongoza mtu aingie ndani. Lakini Wameru hawakumpa jina la maji. Walimwita Mukiri, kutoka gukira, kunyamaza, kwa kuwa alifanya kazi bila kelele. Kilatini cha kunyamaza ni tacere. Nililiandika pembeni mwa ubao, nikaendelea na mengine.

Karibu kila kitu cha huku kilikubali kupasuliwa. Barabara kutoka Nkubu kwenda mjini Meru huvuka ikweta, mstari unaosawazisha, wa aequus, sawa. Weka "equal", "equation" na "equinox", siku ambayo usiku, nox, umelingana na mchana. Miraa ya Igembe na muguka wa Mbeere, hata kaunti za pwani zikiupiga marufuku kama zilivyofanya Mei 2024, ni mmea mmoja katika kitabu cha botania: Catha edulis, qat ya Waarabu iliyobandikwa neno la Kilatini lenye maana ya kinacholiwa, ndugu wa "edible". Mwembe ni Mangifera, mbeba maembe, na ferre ya kubeba inatupa "transfer", "refer" na "fertile". Kwenye karatasi ya dawa, bd ni bis die, mara mbili kwa siku. Kwa wakili, "affidavit" ni sentensi kamili: ameapa. "Vote" ni nadhiri, jambo la kutafakari siku ya kura. Waziri, "minister", ni mtumishi, mtu mdogo, kutoka minus. Wanafunzi walilicheka hilo hadi mlinzi wa lango akaja kuchungulia.

Sasa niungame. Mizizi ina mitego, na mimi nilinasa. Niliwaambia wanafunzi, kwa sauti ya mtu aliyekuwepo, kwamba "sincere" ni sine cera, bila nta, kwa sababu wachongaji wa Roma walioficha nyufa za sanamu kwa nta walikuwa waongo. Hadithi tamu. Nilikuwa nimeisikia katika mahubiri na nikaipenda. Si kweli; sincerus ilimaanisha safi, halisi, na nta haimo. Nilipogundua nilirudi darasani nikaifuta, lakini nina hakika wapo watu wazima leo, Embu na kwingineko, wanaoihubiri kwa jina langu.

Mtego mbaya zaidi ni wa "in-". Katika "invisible" na "invincible" ni kukanusha. Katika "include" na "inscribe" ni ndani. Ukimwachia mtoto kanuni ya kwanza tu, ataliona neno "inflammable" nyuma ya lori la petroli na kufikiri haliwaki moto, hali linasema linawaka upesi. "Invaluable" nayo haina maana ya kitu cha bure. Tena kuna ped ya Kilatini, mguu, iliyo katika "pedal", "pedestrian" na hata tandu, "centipede", mwenye miguu mia. Ped ya "pediatrician" ni ya Kigiriki, na ni mtoto. Anayezichanganya atampeleka mwanawe kwa daktari wa miguu. Mzizi hukupa dhana ya kwanza, sentensi ndiyo huamua, kama vile Mukiri mmoja anaweza kuwa mpole na mwingine akawa amenuna tu.

Wapo watakaouliza kwa nini tuwaongezee watoto maskini lugha ya wafu wakati vitabu vya wazima havitoshi. Swali la haki, nami sitaki Kilatini kirudi kwenye ratiba pamoja na minyambuliko yake ya kutoa jasho. Nazungumzia mizizi 40, labda 50, ambayo mwalimu anaweza kuibeba kichwani bila kitabu wala umeme, akianzia na majina yaliyo mbele yake. Lawama kwamba huu ni ukoloni wa pili naielewa, ila ukoloni wenyewe tayari tunaulipia karo. Mtihani ni wa Kiingereza. Mtoto wa shule ya gharama Nairobi hufundishwa haya na mzazi wake mezani. Wa Mbeere mzazi wake anajua mzizi wa rima na gamba na kira barabara, na hakuna aliyemwambia kwamba ujuzi huo una thamani katika somo la Kiingereza.

Muhula wangu wa mwisho pale Runyenjes nilitunga mtihani wa ufahamu. Kifungu kilikuwa kuhusu bawabu mzee wa kiwanda cha majani chai ambaye hakuzungumza na mtu, na niliwataka waeleze neno "taciturn". Nilikuwa sijawahi kuwafundisha. Wengi waliruka swali. Wachache waliandika kuhusu "turn", kugeuka, wakamgeuza bawabu kila upande. Msichana mmoja wa Chuka, ambaye kwa kawaida alikaa nyuma karibu na dirisha lisilofunga, aliandika jibu la neno moja: Mukiri.

Niliweka tiki. Kisha nikakumbuka kwamba mtahini wa kitaifa hataki Kimeru kwenye karatasi ya Kiingereza, na kwamba nikimzoesha hivyo nitamponza Novemba. Nikaipiga tiki mkwaju mwekundu, nikaandika sufuri, nikaendelea na karatasi iliyofuata. Siku ya kurudisha mitihani alikuja chumba cha walimu wakati wa chai. Aliweka karatasi mezani mbele yangu, akaielekeza upande wangu ili niisome vizuri, akasimama pale na mikono nyuma. Nilianza kumweleza habari za mtahini, za Novemba, za alama. Alinitazama tu, hakusema neno.